Chakula cha Mtani

Mashine ya kusaga ya mtaa wa Mfaranyaki inaunguruma kama kawaida, ila siku hizi hakuna anayeyatukana mahindi. Ramson, mwanamume aliyepewa kuiendesha, anapokea ndoo yako, anamimina, anakurudishia unga. Hasemi neno. Unaondoka na unga wako wa moto kichwani ukihisi umesahau kitu pale mlangoni, na unafika nyumbani bado hujakumbuka ni nini.

Lidwina Haule alikuwa anasema. Alizamisha mkono kwenye ndoo, akachota mahindi, akayanusa, ndipo akaanza. "Haya uliyaanika kwenye mvua?" "Mama Wema, mahindi yako yana wadudu wengi kuliko waumini wa kanisa lenu." "Peleka haya kwa kuku, na kuku mwenyewe awe na njaa." Wanawake waliopanga foleni walicheka mpaka wakashika mbavu, na aliyetukanwa ndiye aliyecheka zaidi, maana kesho yake ilikuwa zamu ya mahindi ya jirani.

Alizaliwa Matogoro, chini ya vilima vyenye msitu, na aliingia kwenye kibanda kile cha mashine akiwa mfagiaji. Mwaka mumewe Hironimus alipofariki, mwenye mashine alimkuta Lidwina ameinamisha sikio kwenye chuma. "Inakohoa," alimwambia. "Mkanda unataka kukatika." Mkanda ulikatika kabla ya saa sita. Kuanzia siku hiyo akawa ndiye mwendeshaji, na miaka ishirini na miwili ikapita amesimama pale, buti za mpira miguuni, nyusi nyeupe kwa unga.

Kisukari alikuwa nacho kwa miaka sita. Alikijua kama mtu anavyomjua mpangaji wa chumba cha nyuma: yupo, hana makelele. Vidonge alimeza alipokumbuka.

Jioni moja ya Oktoba, mwaka juzi, alivua buti la kulia akaona damu. Alilipindua, na kutoka ndani ikadondoka punje moja ya mahindi. Ilikuwa imejichimbia chini ya kidole gumba tangu asubuhi, na yeye amesimama juu yake mchana kutwa, amebeba ndoo, amecheka, ametukana watu, hakusikia chochote. Aliiokota, akamwonyesha binti yake Edna.

"Mimi nimeikanyaga hii kutwa nzima," alisema. "Edna, mguu wangu umekufa na hakuna aliyeniambia."

Alikiosha kidonda kwa maji ya chumvi siku tisa. Siku ya kumi, harufu ndiyo iliyompeleka hospitali.

*

Daktari wa wodi ya wanawake aliitwa Abdulatifu, mtu wa kuja, mwenyeji wa Tabora, mpole na mwenye haraka. Alisimama upande wa miguuni mwa kitanda na kusema mambo yote kwa mkupuo.

"Sukari yako ni ishirini na tatu, mama. Kidonda kimefika kwenye mfupa. Nataka nikisafishe, vidole viwili vitaondoka, mguu utabaki. Lakini siwezi kukupasua na sukari hii. Ikishuka chini ya kumi, Ijumaa tunaingia. Isiposhuka, kidonda kitapanda, na wiki ijayo tutazungumza habari ya goti."

Ilikuwa Jumatatu. Lidwina alihesabu kwa vidole chini ya shuka: Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Siku tatu za kuokoa mguu.

Kitanda cha jirani alilala Mwanahawa, mkulima wa korosho kutoka Tunduru. Alikuwa na jipu kubwa mgongoni, na alikuwa na sukari vilevile. Mumewe, Chande, alikuwa amerudi shambani kwa sababu korosho zilikuwa zinadondoka na hazimsubiri mtu. Aliyebaki kumletea chakula ni mdogo wa mumewe, Muhsini, dereva wa bodaboda wa mtaa wa Bombambili, ambaye alileta alipopata nafasi na kile alichokipata.

Mwanahawa ndiye aliyeanza.

"Wewe Mngoni?"

"Mngoni wa Matogoro."

"Alhamdulillahi. Nililala na wagonjwa tu hapa, sasa nimepata mtani."

"Mtani gani? Ninyi Wayao babu zetu waliwakimbiza mpaka mkajificha mikoroshoni."

"Walitukimbiza kwa sababu walikuwa na njaa, wanataka chakula chetu. Haya, leo nimekuja kukidai."

Edna alipofika na hotpoti, Mwanahawa alinyoosha mkono, akaichukua kabla haijagusa kabati, akafungua, akatia tonge mdomoni. "Humu hamna nguruwe?"

"Dagaa wa Nyasa hao," alisema Edna, akicheka.

"Wangekuwa nguruwe ningekushitaki mbinguni, mtani. Dagaa nawamaliza."

Wodi nzima ilicheka. Nesi Shukuru, aliyekuwa anasukuma kigari cha dawa, alicheka pia. Kila mtu aliyekulia huku anajua mambo haya: mtani anachukua kilicho chako na huna ruhusa ya kununa, mtani anakutukana kwenye msiba wako, mtani anaweza kulala kwenye jeneza la baba yako akakataa kutoka mpaka apewe kitu, na waliofiwa wanacheka huku wanalia. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Mimi ningekuwepo nisingeshangaa.

Lidwina hakulala vizuri usiku ule. Alikuwa anafikiri kama mtu wa mashine. Usipomimina mahindi, unga hautoki. Ukimimina kidogo, unatoka kidogo. Sukari nayo inatoka kwenye chakula, daktari mwenyewe alisema. Basi asile. Insulini waliyokuwa wanamchoma ifanye kazi yake kwenye tumbo tupu, na siku ya Ijumaa kipimo kisome chini ya kumi.

Palikuwa na tatizo moja tu, nalo ni hotpoti. Kwa watu wetu, chakula cha mgonjwa kikirudi nyumbani, aliyekipika anaanza kulia. Edna angekuja mbio kwa nesi. Nesi angeandika kwenye faili. Hotpoti ilipaswa kurudi tupu.

Jumanne asubuhi aliisogeza mwenyewe kwenye kitanda cha jirani.

"Leo hunyang'anyi?"

Mwanahawa alimtazama. "Na wewe utakula nini?"

"Nimekula viwili vitatu. Nisaidie mguu wangu, mtani. Kula."

Mwanahawa alikuwa na njaa. Muhsini hakuwa ametokea tangu jana mchana. Alikula viazi vitamu, akanywa uji, akafuta kifuniko kwa kidole. Nesi Shukuru alipopita aliona hotpoti tupu juu ya kabati la Lidwina, akaandika: amemaliza chakula.

Sukari ya Lidwina ikawa kumi na sita. Jumatano ikawa kumi na moja. Mara mbili mikono yake ilitetemeka, akaificha chini ya shuka mpaka ikatulia. Alhamisi ikasoma nane, na daktari Abdulatifu akapiga makofi mawili pale wodini.

"Mnaona? Huyu mama anafuata masharti. Kesho wewe ni wa kwanza."

Kisha akageukia kitanda cha pili, na uso wake ukabadilika. Mwanahawa alianza wiki na kumi na mbili. Sasa alikuwa na ishirini.

"Na wewe mama, unakula nini?"

"Nakula ugali wangu, daktari."

"Na hii sukari ni ya nani?"

Wanawake walicheka. Mwanahawa aliangalia dari. Daktari alichukua faili, akaongeza sindano yake kwa mara ya tatu wiki ile. Yuniti kumi na nne za insulini za Jumatatu zilikuwa zimekuwa ishirini na nane. Alifanya hesabu sahihi kabisa. Aliifanya kwa chakula cha watu wawili.

Nimekwisha kulirudia jambo hili mara nyingi, na bado linanipiga pale pale kila mara. Palikuwa na daktari aliyejua kazi yake, nesi aliyeandika alichokiona, binti aliyepika, jirani aliyesaidia. Hakuna mtu mbaya wodini mle. Na kila mmoja, kwa wema wake, alisogeza kitu kimoja hatua moja.

*

Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nesi Shukuru alipita na sindano. Lidwina hakuchomwa, alikuwa wa upasuaji, hakutakiwa kula wala kunywa tangu usiku, na Edna alikuwa ameambiwa asilete chochote mpaka mchana. Shukuru alimchoma Mwanahawa zile yuniti ishirini na nane, akamwambia, "Ukishakula uniite nikupime," akaendelea na kitanda kingine.

Hapo Lidwina alielewa. Alinieleza mwenyewe, na alinieleza bila kujipunguzia. Aliliona kabati lake: hakuna hotpoti. Aliliona kabati la Mwanahawa: kikombe na sabuni. Akajua kwamba ile sindano kubwa imeingia mwilini mwa mtu ambaye leo hana chakula cha mtani, na huenda hana hata chake. Mdomo ulifunguka. Neno lilikuwa tayari. Halafu akaiona picha yote: akisema, daktari atajua kwamba ile nane ni ya njaa, machela itarudi bila yeye, na wiki ijayo ni goti.

Aliufunga mdomo. Muhsini ataleta, alijiambia. Saa mbili hatakosa.

Machela ilipokuja, Mwanahawa alikuwa ameinuka kitandani anafanya vituko. "Haya, jamani, Mngoni anakwenda! Nani atarithi buti?"

"Nyamaza, mtani. Nikirudi nitakufinya."

"Ukirudi utanikuta nimekufa mimi, ili ulie wewe. Mimi sitaki kukulilia, machozi yangu ghali." Akajilaza chali, akakunja mikono kifuani, akavuta kanga mpaka juu ya kichwa. "Nimeshakufa. Nileteeni sanda ya hariri, ya Mngoni huyu siitaki, ina unga."

Wodi ilipasuka kwa kicheko. Lidwina alisukumwa nje na kicheko kile nyuma yake.

Walimchoma ganzi ya mgongoni. Alisikia vyuma vikigongana kwenye sinia, alisikia daktari akiomba mkasi, na vidole viwili vikaondoka bila kumuuma, kama vile ile punje ilivyoingia. Walipomaliza, daktari alimwambia mfupa wa juu ni mzima. Mguu umepona. Alilia, akasema Mungu ni mwema.

Saa tano walimrudisha wodini, kiuno chote kizito kama gunia. Walimhamishia kitandani. Akageuza shingo.

Mwanahawa alikuwa amelala vilevile. Chali, kanga juu ya uso.

"Mtani," alisema Lidwina. "Nimerudi."

"Mwache huyo," alisema mwanamke mmoja wa kitanda cha dirishani, anakata kucha. "Amekufa tangu ulipotoka. Anakusubiri wewe umlilie."

Wengine walicheka. Walieleza kwa furaha alivyojua kuigiza: kuna wakati alikuwa anatikisika mwili mzima, mguu unapiga chuma cha kitanda, wakamwambia maiti hachezi ngoma, akatulia. Kuna wakati alikuwa anakoroma. Nesi alipita akauliza kama amekula, wakamwambia, "Marehemu hali, sista," na Shukuru, mwenye vitanda thelathini na wawili asubuhi ile, akacheka akapita.

Lidwina aliitazama kanga. Ilikuwa nyekundu yenye maua meupe, na kuanzia kifuani mpaka kichwani rangi ilikuwa imekolea. Ilimchukua muda kuelewa anachokiona. Kanga ilikuwa imelowa.

"Maiti hatoi jasho," alisema.

Hakuna aliyesikia. Alijaribu kuinuka, kiuno kikakataa. Alishika kikombe cha bati, akakirusha sakafuni kwa nguvu zake zote.

"Maiti hatoi jasho! Mtoeni kanga! Shukuru! Shukuruuu!"

Waliifunua. Uso ulikuwa wa kijivu, macho nusu wazi na hayaoni, povu limekaukia kwenye shavu. Mwanamke wa dirishani aliangusha wembe wake. Watu waliokuwa wanacheka midomo yao ilibaki wazi, kicheko hakijui pa kwenda.

Shukuru alitoboa kidole. Mashine ikasoma moja nukta nne.

"Haiwezekani," alisema daktari Abdulatifu alipofika anakimbia. "Huyu jana alikuwa ishirini. Pima tena."

Ikasoma moja nukta tatu.

Walimtafuta mshipa, wakaukosa mara mbili, wakaupata shingoni. Daktari mwenyewe alisukuma glukosi kwa bomba kubwa, na huku anasukuma anauliza hewani, sauti imempanda: nini kimetokea, amekula nini, nani anajua amekula nini?

"Chakula changu," alisema Lidwina.

Daktari hakugeuka.

"Alikuwa anakula chakula changu, daktari. Siku zote. Mimi nilikuwa sili. Leo hakikuja."

Sasa aligeuka. Alimtazama kama mtu anayetazama ukuta wa nyumba yake ukianguka taratibu. Alikwenda kwenye faili la Mwanahawa, akapitia namba kwa kidole, kisha akachukua la Lidwina, akayashika yote mawili, moja mkono huu, moja mkono ule.

"Nilimpa hii dozi mimi," alisema. Alisema kwa sauti ndogo, na hakumwambia mtu yeyote.

Dakika zilipita ishirini na tano. Lidwina alizihesabu kwenye saa ya ukutani, kwa kuwa hakuweza kupiga hata goti. Dakika ya ishirini na sita Mwanahawa alisema kitu kwa Kiyao. Shukuru alimuuliza jina lake. Aliulizwa mara nne. Mara ya nne akasema, "Mnanipigia kelele za nini?"

Muhsini aliingia saa sita na nusu na mfuko wa wali, kofia ya pikipiki mkononi. Alikuwa amepata abiria wa mbali. Alisimama kati ya wanawake waliokuwa wanalia, akamtazama kila mmoja, hajui amuulize nani.

*

Upande wa kushoto wa Mwanahawa ulikuwa mlegevu mpaka jioni, kisha ukarudi. Mchana ule ule Lidwina aliletewa ugali, na Shukuru akakaa kwenye ukingo wa kitanda akimwangalia akitafuna mpaka tonge la mwisho. Baada ya saa mbili sukari yake ilisoma kumi na tisa. Ndiyo iliyokuwa sukari yake ya kweli wiki nzima. Kidonda, kilichoshonwa kwa kuiamini ile nane, kilifunguka siku ya nne, na ilibidi kisafishwe upya na kuachwa wazi. Alikaa wodini wiki tano zaidi.

Jumapili Chande alifika kutoka Tunduru, mwanamume mwembamba, vidole vimebabuka kwa utomvu wa korosho. Alisalimia wodi yote. Shikamoo za wadogo aliziitikia moja moja. Kisha akavuta kiti katikati ya vitanda viwili.

"Wewe ndiye Mama Edna?"

"Ndiye mimi."

"Nimeambiwa ulikuwa unamlisha mke wangu."

"Nilikuwa namlisha."

"Kwa ajili ya mguu wako."

"Kwa ajili ya mguu wangu." Lidwina alivuta pumzi. "Na Ijumaa niliona anachomwa. Nilijua chakula hakipo. Nilinyamaza, shemeji, ili nisirudishwe. Sitaki ulisikie kwa mtu mwingine."

Chande alikwangua utomvu kwenye kidole. Mwanamke wa dirishani aligeukia ukutani.

"Na mimi nilijua," alisema Mwanahawa.

Wote wawili walimtazama. Alikuwa amelala kwa ubavu, sauti yake bado nzito.

"Mnanitazama nini? Mimi si mtoto. Miaka mingapi nachomwa sindano hizi? Nesi alipotoa ile sindano kubwa nilijua leo hotpoti hakuna. Nikasema, nikimwita nesi nikamwambia nataka chakula, ataniuliza mbona jana ulikuwa ishirini, na mimi siwezi kumdanganya mtu asubuhi asubuhi. Wangemrudisha huyu, akatwe goti. Nikasema Muhsini atakuja. Nitavumilia." "Ile kanga nilijifunika kwa sababu nilianza kutetemeka. Sikutaka anione kabla hajatoka."

Chande alisema, "Lahaula."

Lidwina aliniambia kwamba punje ya kwenye buti haikumshtua hivyo, wala kanga iliyolowa, wala vidole vyake kwenye sinia. Alitaka kutafuta tusi, lolote, kwa kuwa ndiyo njia pekee waliyokuwa wamezoea kusemezana, na katika miaka hamsini na minne ya kusema hakuna lililokuja. Mwanahawa ndiye aliyelazimika kulitoa.

"Funga mdomo, Mngoni. Nzi wataingia."

Mwanahawa aliruhusiwa wiki iliyofuata, akarudi Tunduru na dozi ya yuniti kumi na mbili. Yu hai. Desemba Muhsini alileta salamu zake na korosho, na maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Kidonda cha Lidwina kilifunga mwezi wa Februari. Hawezi kusimama kutwa, kwa hiyo amehamia kwa Edna, Bombambili. Leo ni Jumanne. Yuko kliniki ya kisukari, benchi la pili kutoka mlangoni, viatu vya wazi miguuni, anasubiri kuitwa. Asubuhi amekula viazi viwili na yai moja, na amekwisha kumwambia nesi.